Mwenye mshahara si mwenye ukoo: mwongozo kwa wa kwanza kufanikiwa kwao

Mwaka 2017 nilimwezekea baba nyumba upya bila kumwambia. Nilikuwa na miaka mitatu kazini Dar es Salaam, mhasibu, wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho la chuo kikuu. Niliagiza mabati Bukoba mjini kwa simu, nikamtumia fundi pesa yake, nikampa mdogo wangu kazi ya kusimamia. Baba alipokwenda Biharamulo msibani kwa siku nne, mabati ya zamani yakashushwa na mapya yakapanda. Nikakaa nasubiri simu ya furaha.

Simu ilikuja siku moja baada ya yeye kurudi. Baba huniita mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Mama," akasema, "mabati ni mazuri. Lakini nyumba hii niliijenga mimi, na nimeikuta imeezuliwa kana kwamba nimeshakufa. Ungeniuliza." Akakata.

Mdogo wangu aliniambia baadaye kwamba jioni ile baba alikaa nje chini ya mbuni, mti wa kahawa, mpaka giza likaingia, akiyatazama mabati ya kutu yaliyorundikwa kando ya jiko. Aliyanunua kuanzia mwaka 1988 kwa pesa ya kahawa, bati moja moja, na alikuwa bado anakumbuka ni lipi lilitoka kwenye msimu upi.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu ndicho kilichonifundisha ninachotaka kukuambia wewe uliye wa kwanza kupata kwenu. Mshahara unakupa wajibu, lakini haukupi kiti. Kiti kina wenyewe. Na familia inayomtegemea mtu mmoja haiharibiki kwa sababu anatoa sana au anatoa kidogo. Inaharibika kwa sababu anatoa gizani, simu moja moja, kila mtu na siri yake, na wazee wanasikia mambo yao kwa watu wengine. Hatua zifuatazo nimezipita mwenyewe, nyingine kwa kujikwaa. Zifuate kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Ujue mshahara wako mwenyewe

Kijijini wanaukisia mshahara wako, na mara nyingi hata wewe unaukisia. Kaa chini na karatasi ya mshahara. Tuchukue mtu wa sekta binafsi anayelipwa 1,800,000 kwa mwezi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 180,000. Zinabaki 1,620,000 ambazo ndizo zinazotozwa kodi ya mapato: 128,000 kwa milioni ya kwanza, na asilimia 30 ya kinachozidi hapo, yaani 186,000, jumla 314,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, inakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 270,000. Mkononi unabaki na 1,036,000.

Ndugu zako wanahesabu milioni na laki nane, na hawasemi uongo, ndivyo walivyosikia. Wewe una milioni na elfu thelathini na sita, hujalipa kodi ya nyumba wala hujapanda daladala. Ukitoa pango la 250,000, chakula, nauli, umeme na maji 380,000, na akiba ya dharura 100,000, umebaki na 306,000. Katika hiyo amua sehemu ya familia na uiandike. Mimi nilianza na 200,000.

Jambo la msingi ni kwamba sehemu hiyo itoke siku ileile mshahara unapoingia, iende mahali pake, isiwe kile kitakachobaki mwisho wa mwezi. Ukisema utatoa kitakachobaki, utajikuta mwezi huu umetoa 500,000 kwa sababu aliyepiga simu alilia, na mwezi ujao hutoi kitu, na hakuna anayeweza kupanga maisha yake juu yako.

Angalia pia deni lako la Bodi limebaki kiasi gani. Siku litakapoisha, mkono wako utaongezeka ghafla. Amua mapema pesa hiyo itakwenda wapi, maana isipopangiwa kazi itajitafutia.

Hatua ya 2: Andika waliokubeba kabla ya kuandika wanaokuomba

Orodha ya wanaoomba unayo tayari kwenye simu. Nakuomba uandike nyingine.

Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ulipoingia Muleba, kwetu mkoani Kagera, kibanja chetu, yaani shamba la migomba la nyumbani, kilianza kufa mgomba mmoja baada ya mwingine. Ukikata shina linatoa usaha wa njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza. Baba alikata na kufukia karibu nusu ya migomba yake. Mimi nilikuwa sekondari ya bweni na ada haikuwepo. Novemba mwaka ule shangazi yangu, dada yake baba, alikesha usiku kwa usiku akikamata senene, wale panzi wa kuliwa, akawanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga na kuwauza kwa kikombe stendi ya Muleba. Januari nilirudi shuleni nikiwa na ada na tranka jipya. Shangazi hajawahi kuniomba hata shilingi. Kwa miaka mitatu ya kwanza ya kazi yangu sikumtumia kitu, kwa sababu nilikuwa nawajibu wanaopiga simu, na yeye hakuwa anapiga.

Hilo ndilo linalonifanya nisikubaliane na ushauri uliozagaa siku hizi, kwamba ndugu ni mzigo na ujitoe mapema ujenge maisha yako. Wengi wetu hatukujijenga wenyewe. Kuna aliyeuza mbuzi, kuna kaka aliyeacha shule darasa la saba ili wewe uendelee, kuna mama mdogo wa Mwanza aliyekulaza sebuleni kwake mwaka mzima. Waandike kwa majina, na kando ya kila jina andika alichofanya. Utajikuta na majina matano, pengine nane. Hao ndio deni lako la heshima, pamoja na wazazi. Wengine ni ndugu na utawasaidia inapobidi, lakini hawana haki ileile. Ukishalijua hilo, nusu ya majuto ya kukataa inakwisha.

Hatua ya 3: Anza na mwenzako wa ndoa

Kama una mke au mume, mazungumzo ya kwanza ni yenu wawili, mlango umefungwa. Wekeni mezani kwenu na kwao. Kipimo kiwe kimoja: kinachokwenda kwa wazazi wako kijulikane, na kinachokwenda ukweni kijulikane. Pesa ya siri kwa mama yako itajulikana tu, na itakayochukiwa si pesa, atachukiwa mama yako. Wekeni kiwango ambacho kila mmoja anaweza kutoa bila kuuliza, labda 20,000, zaidi ya hapo ni simu moja: "Mume wangu, kaka ana shida hii, tunafanyaje?" Na nyumba mnayoishi msiifanye dhamana ya mkopo wa ndugu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja wenu kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, nayo ina sababu nzuri.

Hatua ya 4: Nenda nyumbani, uombe kikao

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usiitishe kikao kwa simu, na usiitishe wewe. Nenda. Sisi wa Kagera tunarudi Desemba, wengine kwa basi, wengine kwa meli kutoka Mwanza, na watu wote wapo. Fika siku mbili kabla ya sikukuu. Siku ya kwanza salimia tu, kula, tembea kibanjani na baba, msikilize. Siku ya pili, asubuhi, kaa naye peke yenu umweleze. Mimi nilimwambia hivi, mwaka mmoja na nusu baada ya yale mabati:

"Baba, shikamoo. Nimekuja kuomba radhi, na nimekuja kuomba kitu. Radhi ni ya nyumba. Nilikosa kukuuliza. Ninachoomba ni kwamba ukiona vyema, utukusanye watoto wako na shangazi, tuzungumze namna ya kusaidiana, kwa sababu nikifanya peke yangu nitakosea tena."

Alikaa kimya, akachuma jani la mbuni akalivunja vunja. Kisha akasema, "Tarehe 27 ni nzuri. Tarehe 26 watu wanakuwa bado na pombe."

Mwenyekiti awe mzazi. Kama baba hayupo, mama. Kama wote hawapo, baba mdogo au shangazi mnayemheshimu. Wewe uwe mtoa hesabu. Katibu awe mdogo wenu mwenye mwandiko unaosomeka, akiandika kwenye kauntabuku itakayobaki nyumbani, si kwenye simu yako. Mkekani wakae waliopo, na walio mbali waingie kwa simu ya sauti.

Zamu yako ikifika, toa ile hesabu ya hatua ya kwanza. Ndiyo, taja mshahara. Najua wengi wanaogopa hapa, na niliogopa. Lakini nilipowasomea makato yangu yote mpaka nikafika kwenye kinachobaki, kaka yangu mkubwa, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa ananiona bahili, aliuliza swali moja: "Kwa hiyo yale mabati ulikopa?" Nikasema ndiyo, nilikopa kikoba, na nililipa kwa miezi kumi na nne. Kikao kizima kilibadilika kuanzia pale. Kama kwenu kuna mtu ambaye huwezi kumwamini na tarakimu kamili, basi taja makato na kinachobaki kwa familia, lakini kitaje kwa namba. Neno "hali ngumu" halimwambii mtu chochote; kila mtu ana hali ngumu.

Kikao cha kwanza kisibebe mambo mengi. Sisi tuliamua manne: afya ya wazazi nani anashughulikia, nani anasoma na anamaliza lini, tuwe na mfuko, na nani aushike. Tukafunga kwa sala, tukala.

Hatua ya 5: Mfuko wa familia, na kila mtu atoe

Mfuko wenye mchangiaji mmoja ni mshahara wako tu umebadilishiwa jina. Kila mtu mzima atoe. Kwetu mimi nilitoa 200,000, dada muuguzi 50,000, kaka anayeendesha pikipiki 10,000, mdogo aliyemaliza kidato cha sita 2,000. Baba alisema yeye na mama watatoa mikungu miwili ya ndizi kila mwezi, iuzwe Jumamosi sokoni na pesa iingie. Dada yangu alitaka kucheka, mama akamtazama. Mikungu miwili ikaandikwa kwenye kauntabuku, na mpaka leo inaandikwa mstari mmoja na pesa yangu.

Mchango mdogo una kazi kubwa kuliko thamani yake. Aliyetoa 2,000 ana haki ya kuuliza 200,000 zimekwenda wapi, na anayeuliza ameacha kuwa ombaomba.

Mshika mfuko usiwe wewe. Kwetu ni yule dada muuguzi. Fungueni akaunti ya kikundi benki yenye waweka saini wawili, au mtumie huduma ya vikundi ya kampuni ya simu ambayo pesa haitoki mpaka mwingine aidhinishe. Kila inapotoka, mshika mfuko anaandika kwenye kundi la WhatsApp la familia: kiasi, kwa nani, kwa nini, kimebaki nini. Mistari minne, basi. Kinachozidi matumizi ya miezi miwili kisikae kwenye simu. Kipelekwe penye faida. Sisi tunatumia Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya uwekezaji wa pamoja, kwa sababu unaweza kuitoa pesa yako ndani ya siku chache za kazi shida ikitokea.

Wazazi wasisubiri mfuko kama waombaji wengine. Wapangieni kiasi chao cha kudumu, siku maalumu ya mwezi, kidogo kama kilivyo. Mzee anayejua kwamba tarehe 26 ana 60,000 yake anakopeshwa sukari dukani kwa heshima. Na mkituma, wekeni na ya kutolea. Nimewahi kumtumia mama 10,000 kamili, akatembea mpaka kwa wakala barabarani akiwa na shida ya 10,000, akarudi na pungufu. Ni jambo dogo kwako wewe wa mjini.

Hatua ya 6: Zibeni matundu makubwa kwanza

Ukipitia ulichotuma mwaka mzima, utaona kwamba pesa nyingi imekwenda kwenye ugonjwa, shule na misiba. Shughulikieni kwa mpangilio huo.

Afya. Mwenye ajira yenye NHIF, bima ya afya ya taifa, kupitia mwajiri anaweza kuandikisha mwenza na wategemezi wasiozidi wanne, na wazazi wanaweza kuwa miongoni mwa hao. Wengi wameacha nafasi wazi kwa miaka. Kama nyote mna watoto, gawaneni: mmoja amwandikishe baba, mwingine mama. Kwa kaya za kijijini kulikuwa na CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, 30,000 kwa mwaka kwa watu sita. Baada ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 vifurushi vinabadilika, kwa hiyo ulizeni zahanati ya kata kinachotumika sasa. Kisha wapelekeni wazee kupima presha na sukari hata kama hawaumwi. Dawa za presha za mwezi ni pesa unayoweza kuipanga. Kiharusi hakipangiki, na gharama yake haimalizikii hospitali, maana atahitajika mtu wa kumgeuza mgonjwa kitandani kwa miaka, naye mara nyingi atakuwa dada yenu asiye na kazi.

Shule. Tangu 2016 elimu ya msingi mpaka kidato cha nne katika shule za serikali haina ada, na tangu 2022 kidato cha tano na cha sita vimefuata. Mpwa akikuambia ada ya kidato cha tatu shule ya kata, usimwite mwongo. Muulize kwa upole ni kitu gani hasa. Itakuwa sare, chakula cha mchana, madaftari, au pango la chumba karibu na shule, na hivyo vyote ni shida za kweli. Lipa moja kwa moja: kwa fundi cherehani, kwa shule kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa mwenye chumba. Aliyefeli kidato cha nne asiachwe akizurura kwa miaka miwili mkisubiri arudie mtihani. Vyuo vya ufundi vya VETA vipo, na fundi umeme mwenye cheti huko kwetu anapata kazi mapema kuliko wengi wenye diploma.

Msiba. Toa rambirambi kwa kiwango mlichopanga, na ukiweza nenda. Tuma pesa kidogo na ufike, kuliko kutuma nyingi usionekane. Watu wanahesabu nani alilala pale.

Hatua ya 7: Inueni mmoja, naye ainue mwingine

Usiwabebe wadogo zako wote kwa pamoja. Pesa inayogawanywa kwa watano haimfikishi hata mmoja. Kikao kichague mmoja, kwa kawaida aliye karibu kumaliza, aandikiwe muda: miaka miwili, ada na pango. Akianza kazi anapewa miezi sita ya kupumua, kisha anambeba anayefuata. Iandikwe kwenye kauntabuku na atie saini mbele ya mama. Dada muuguzi alibebwa hivyo, na leo ndiye anayemlipia kitinda mimba wetu chuo. Mimi simo tena kwenye hiyo ada.

Mtaji una kanuni yake, na niliilipia. Nilimnunulia kaka pikipiki mpya mwaka wa pili wa kazi. Hakuwahi kuendesha bodaboda hata siku moja kabla ya hapo. Baada ya miezi minane ilikuwa imeuzwa, na sisi wawili hatukuongea kwa mwaka mzima. Sasa tunasema hivi: anayetaka mtaji wa kazi aifanye kwanza miezi sita chini ya mtu mwingine. Kaka alikuja kuendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu ya siku, karibu mwaka mzima, ndipo mfuko ukamkopesha nusu ya bei ya yake. Hiyo anayo mpaka leo, na ile 10,000 yake ya kila mwezi haijawahi kukosa. Ndugu akija mjini kukaa kwako ni vilevile: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mpokee kwa furaha, lakini wiki ya kwanza isiishe bila kujua atafanya nini na atakaa mpaka lini.

Hatua ya 8: Jifunze kukataa kwa maneno yetu

Hatukulelewa kusema hapana kavukavu, na si lazima tuanze leo. Lakini "nitaangalia" ni ubaya, kwa sababu mwenzio ataacha kutafuta kwingine akikusubiri. Na "sina" wakati unayo itakurudia siku utakayopiga picha ukiwa Zanzibar. Yapo maneno ya kweli yenye adabu. Kwa mkubwa: "Mjomba, shikamoo. Nimekusikia. Mwezi huu sehemu ya familia imeshatoka yote. Naomba niliwasilishe kwa dada anayeshika mfuko, Jumamosi nitakupigia mimi mwenyewe nikupe jibu." Kisha Jumamosi upige kweli, hata kama jibu ni hapana. Ile simu ya kurudisha jibu ndiyo inayotunza udugu.

Kwa michango ya harusi, pangeni kiasi cha mwaka mzima mwezi Januari. Kikiisha Agosti, kimeisha. Wa Septemba unampa pongezi na kumsaidia siku ya kupika.

Usikope ili usaidie. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, mkopo wa mshahara, ule wa simu unaokatwa kesho yake, vyote hivyo vinahamisha shida ya ndugu kuja nyumbani kwako na riba juu. Na usimdhamini mtu mkopo ambao wewe mwenyewe usingeweza kuulipa wote.

Hatua ya 9: Ardhi, majina, na wosia

Ukitaka kujenga kijijini, uliza kwanza: kwenye ardhi ya nani? Nyumba uliyoijenga kwenye kibanja cha baba, bila maandishi, inaweza kuwa ya kaka yako siku baba akifariki. Kwa sisi wanawake wa Kihaya jambo hili lina historia. Sheria ya mila ilituruhusu kutumia ardhi ya ukoo lakini si kuiuza, mpaka mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, ilipoamua kwamba katazo hilo ni ubaguzi unaopingana na Katiba. Hukumu ipo. Bado utakutana na wazee wasioijua, kwa hiyo usiitegemee ikupiganie peke yake. Zungumzeni wakati baba yu hai, muipime sehemu yenu, na mfuatilie hatimiliki ya kimila kijijini chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, majina ya wahusika yakiwa humo. Ukinunua kiwanja kwa msaada wa ndugu, jina liwe lako tangu siku ya kwanza, na mauziano yapite serikali ya kijiji au mtaa. Ndugu wengi wameachana kwa sababu ya "tutabadilisha jina baadaye".

Kisha andika wosia. Familia nzima imening'inia kwenye mshahara wako, na mshahara unakoma siku unapokufa. RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wanaandika na kuhifadhi wosia. Ukiandika mwenyewe, weka mashahidi wasiopungua wawili ambao si warithi. Kwa Mwislamu, unayoweza kuwausia wasio warithi haizidi theluthi moja. Angalia pia majina ya warithi uliyoandika NSSF siku ulipoajiriwa. Mimi nilikuta nimeandika jina la mjomba aliyekwisha kufariki.

Hatua ya 10: Rudini mkekani kila mwaka

Tarehe ileile, kauntabuku ileile. Katibu aanze kwa kusoma muhtasari wa mwaka uliopita neno kwa neno, pamoja na ahadi ambazo hazikutimizwa, na pamoja na zako. Mwaka wa pili kwetu waliohudhuria walipungua, kaka mmoja alikuwa amenuna. Mwaka wa tatu alirudi. Kama mshahara umeongezeka, sema; kama umeachishwa kazi, sema siku ileile ulipoachishwa, usingoje Desemba. Mimi niliwahi kukaa miezi minne bila kazi, na kwa miezi hiyo mfuko ndio ulionilipia pango.

Mwaka jana jiko la shangazi lilianza kuvuja. Nilisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa baba, alipopiga simu Jumapili jioni. Alikuwa ameshakwenda na fundi, ameshapima, ameshamuuliza shangazi anataka mlango utazame upande gani, na mabati kumi na mawili yameshatoka kwenye mfuko. "Mama," akasema, "tumegawana ya fundi. Sehemu yako ni elfu arobaini. Usitume zaidi. Na ya kutolea usiweke, nitatoa mwenyewe."